Ukurasa wa Tisini na Saba

Pangani, 5 Februari 2024

Kaka yangu Mwishehe,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mwanangu Najma karudi kwa mumewe Tanga, lakini kila Ijumaa huja kunitazama. Mwanawe ameota meno mawili na anamuuma kila mtu bila ubaguzi. Paa la jikoni linavuja palepale ulipopaona, na sufuria ya kukingia ni ileile.

Utashangaa kupata barua mwaka huu. Simu nimeizima na kuifungia sandukuni mpaka nitoke eda. Siku ya tatu baada ya mazishi alinipigia mtu anayeuza viwanja, nikaona basi, nyumba hii isiingie sauti ya mtu nisiyemwona. Kwa hiyo barua nampa utingo wa basi, anaiacha Chalinze kwenye mgahawa wa Mina, na Mina anakutumia. Nawe fanya hivyo. Mina ni binti wa mama mdogo, si mgeni, hatatupoteza.

Sasa neno langu. Marehemu Khamis kaondoka tarehe 12 Januari, nawe mazishini hukuja, ulisema una homa. Pole kwa homa. Eda yangu, miezi minne na siku zake kumi, inakwisha Jumatatu tarehe 20 Mei. Mila ya kwetu unaijua: mwanamke akimaliza eda hushikwa mkono na nduguye wa tumbo moja mpaka nje ya mlango. Bibi alitolewa na kaka yake. Mama alitolewa na mjomba Mwinyijuma, ambaye siku hiyo hata kutembea alikuwa hawezi, akabebwa kwenye mkokoteni. Mimi kaka ninaye mmoja. Usipokuja nitatoka mwenyewe, na mtaa mzima utanitazama kama mtu aliyeokotwa ufukweni.

Nataka jibu moja tu: utakuja?

Mchana ni mrefu. Jirani yangu Tabia ananiazima hadithi za upelelezi. Ninayo na ile ya Khamis, *Njiti Moja ya Kiberiti*, aliyokuwa akiwasomea wenzake barazani, mbele ya duka lake la kamba na rangi, kila baada ya alasiri. Alipoishia kaweka kipande cha kamba. Sijapita hapo. Wewe unasoma nini siku hizi?

Ni mimi mdogo wako,
Adila

*

Bagamoyo, 16 Februari 2024

Mdogo wangu Adila,

Waalaykum salaam, na marahaba. Hapa Bagamoyo tu wazima isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeanza kupingana nami hadharani kama wanavyofanya wasomaji wangu. Shemeji yako Mwaija anakusalimu sana. Jogoo wetu kaibiwa, na nina mtu ninayemshuku, lakini Mwaija kanikataza kumwandika gazetini.

Nilikuwa na homa. Homa kali.

Sasa, Adila, hadithi za upelelezi! Nilipofika hapo kwenye barua yako niliiweka chini, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena, na aibu ilikuwa bado ipo palepale. Mtoto wa Mzee Rehani, mwalimu wa madrasa aliyekuwa na kabati la vitabu la vioo! Nimeandika safu yangu gazetini miaka kumi na tisa nikipiga vita takataka hizi: maiti ukurasa wa kwanza, mwanamke mwenye gauni jekundu ukurasa wa tatu, bastola ukurasa wa saba. Mtu anayesoma hivyo ni sawa na anayekula barafu ili ashibe. Nimeyasema haya kwa nguvu zangu zote, na matokeo yake hadithi hizo zimeongezeka. Sijui kama kuna uhusiano.

Nakutumia dawa. Hiki ni kitabu changu mwenyewe, *Ukuta wa Chumvi*, kurasa mia sita na nne, nilichokinukuu katika makala zaidi ya arobaini. Humo utakutana na Maftaha, mlinzi wa mji, mwanamume aliyeutukana ulimwengu mzima kwa ajili ya haki na hakuomba radhi. "Sirudi nyuma," anasema. Nimeliandika neno hilo kwa rangi nyeusi juu ya meza yangu. Mwaija amening'iniza ufagio hapohapo, lakini herufi bado zinaonekana.

Kisome polepole. Kitakutosha mpaka mwisho wa eda.

Wako mwenye homa iliyopona,
Mwishehe

*

Pangani, 4 Machi 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Kitabu kimefika, kikiwa kimefungwa na magazeti yenye makala zako, kwa hiyo nimepata viwili kwa pamoja. Mvua bado. Nimewekewa sukari na mchele kwa ajili ya Ramadhani mpaka nashindwa pa kupita.

Kaka, nina swali la kitabu.

Nilianza vizuri. Maftaha ni mkali, nimemwelewa, nimelelewa naye nyumba moja. Nikafika ukurasa wa tisini na sita, nikataka kufungua wa tisini na saba, haufunguki. Nikadhani gundi. Nikakipeleka dirishani. Kumbe kurasa zimeshikana juu, hazikukatwa tangu kiwandani: tisini na saba mpaka mia moja na kumi na mbili, fungu zima. Nikaruka mbele nikakuta mafungu mengine manne yako vivyo hivyo. Nimechukua kisu cha kuparia samaki, nikakisugua kwa ndimu kiondoke shombo, nikakata moja moja. Vumbi lililotoka humo ni la miaka.

Sasa niambie. Umekinukuu mara arobaini. Ulikuwa unachungulia kwa pembeni?

Nauliza kwa sababu kwenye harusi ya Najma, mbele ya wakwe zetu, mikono ya watu ikiwa ndani ya sinia za pilau, ulimwuliza Khamis kama amekisoma *Ukuta wa Chumvi*. Akasema hapana. Ukasema, "Shemeji, wewe hujapata kusoma chochote kirefu kuliko lebo ya kopo la rangi." Watu wakacheka. Wiki iliyofuata ukaliandika gazetini, "Taifa la Wasoma Lebo." Hukumtaja jina, lakini Pangani muuza kamba na rangi anayesomea watu barazani ni mmoja.

Na lile swali langu la kwanza hukulijibu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Kuna jogoo, kuna goti, kuna ufagio. Tarehe 20 Mei haimo.

Adila wako

*

Bagamoyo, 21 Machi 2024

Adila mdogo wangu,

Ramadhani karimu. Tunafunga, tunafungua, na goti langu sasa linalia wakati wa tarawehe kwa sauti ambayo imamu aliiulizia. Jogoo kapatikana. Alikuwa juu ya paa letu. Mtu niliyemshuku nimemsalimia kwa heshima ambayo imemtia wasiwasi.

Kuhusu kurasa. Niliandika majibu manne. La kwanza lilisema nakala ile si yangu. La pili lilisema niliisoma nakala nyingine, maktaba, ujana wangu. La tatu lilikishambulia kiwanda. La nne nililisoma kwa sauti, nikamsikia Mwaija jikoni anacheka, nikayachana yote.

Nilikomea tisini na sita. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nikapata neno zuri ukurasa wa thelathini na moja, nikaenda kulitumia. Lilifanya kazi vizuri mno. Watu wakaanza kuniita msomi, na ukishaitwa msomi huna nafasi tena ya kusoma. Unaitwa huku na huku kuwaambia wengine wasome.

Basi nikasema nitubu kwa kazi. Nimeamua safu ya mwezi huu iwe juu ya watu wa mji huu wanasoma nini sasa hivi. Nilitoka na daftari, na nia yangu, nakiri, ilikuwa kuwapiga. Nilianza kwa Sihaba, muuza vitumbua wa pale karibu na soko la samaki, maana nilishamwona na simu mkononi akisoma hadithi ya mapenzi inayotumwa kipande kipande. Nikamwuliza, "Binti, takataka hii inakupa nini?"

Akasema, "Mzee, kwanza shikamoo yako umeila wapi, maana hata hukunisubiri nikupe."

Nikasema marahaba.

Akasema, "Mimi kesho yangu naijua. Kesho ni vitumbua. Kesho kutwa ni vitumbua. Ya huyu binti wa kwenye hadithi siijui. Kuna kesho moja nisiyoijua, na bei yake ni bando la mia tano. Wewe ungekataa?"

Nikaandika jibu. Nikaliacha kama lilivyo.

Nikaenda kwa Majaliwa, fundi cherehani. Huyu husoma magazeti yanayofungiwa maandazi. Hadithi hupata nusu tu, nusu nyingine imebaki kwa mteja mwingine. Anasema ndiyo raha yenyewe: akiwa anashona suruali ya mtu, mwisho anautunga mwenyewe. "Wakati mwingine namwoza yule mwizi," akaniambia, "maana nimemhurumia." Akanionyesha na makala yangu moja, imelowa mafuta katikati. Nikamwuliza mwisho wake kautungaje. Akasema, "Hii sikuitungia mwisho, Mzee. Niliona mwenyewe unajua sana."

Kisha wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza swali lako: "Na wewe unasoma nini?" Sihaba nilimwambia nasoma falsafa. Majaliwa nilimwambia nina haraka.

Ukweli ni kwamba sisomi chochote, Adila. Nasoma vichwa vya habari ili nikasirike, na nikishakasirika naandika.

Safu sijaiandika. Kitabu nirudishie ukimaliza.

Mwishehe

*

Pangani, 14 Aprili 2024

Kaka yangu,

Idd mubarak, japo imepita. Shikamoo. Barua yako ilikaa Chalinze siku kumi. Mvua imekata njia. Ilipofika ilikuwa na alama ya kikombe cha chai juu ya jina la Sihaba, na bahasha imebandikwa upya.

Ya Sihaba nimeipenda. Nimemsomea Tabia, naye kasema huyo binti ndiye angepewa safu, wewe ukauze vitumbua.

*Ukuta wa Chumvi* nimekimaliza. Na sasa nitakwambia jambo ambalo nilikuwa nimeapa kutokusema, na aliyeniapisha hayupo.

Nilikuwa nakijua kitabu hiki kabla hujanitumia. Baada ya ile harusi Khamis alikwenda Tanga mjini kununua rangi, akarudi na rangi na kitabu. *Ukuta wa Chumvi*, nakala yake mwenyewe, iliyokatwa vizuri. Tulikisoma miezi mitano, kila siku baada ya kufunga duka, yeye anasoma mimi nachambua mchele. Alikuwa mzito wa kusoma maneno marefu. Alikuwa akiyarudia mpaka yamtii. Siku moja akacheka peke yake. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Makala za shemeji hizi nimezilinganisha. Kila neno analonukuu liko kabla ya ukurasa wa mia. Kakako ni kama mtu anayeisifia nyumba kwa baraza yake, ndani hajaingia."

Nikamwambia, "Basi mwandikie. Mwaibishe kama alivyokuaibisha."

Akasema, "Hapana. Anakipenda kitabu hicho. Usimharibie."

Mpaka anakufa hakukwambia, na harusini alikaa kimya, na kila Idd alikuwa akikutumia kamba ya katani ya kuanikia nguo kwa sababu Mwaija aliisifu mara moja. Sijui kama ulijua inatoka kwake.

Nakutumia nakala yake. Yako nabaki nayo. Nimeikata mwenyewe, imekuwa yangu. Soma mpaka ukurasa wa mia tatu themanini na nane, usiruke. Pembeni ana maneno yake kwa penseli.

Sikuulizi tena kuhusu Mei. Nimebakiza siku thelathini na sita.

Adila

*

Bagamoyo, 3 Mei 2024

Adila,

Salaam zako nimezipokea. Goti, jogoo na Mwaija wote wapo, leo nitawapita.

Nimekisoma kitabu kwa siku nane. Mwaija alidhani naumwa. Ukurasa wa mia tatu themanini na nane nimeusoma nimesimama, kisha nimekaa. Maftaha anarudi nyuma, Adila. Miaka yote hii nimewaambia watu harudi. Anakwenda nyumbani kwa yule mchimba visima aliyemtukana sokoni, anakuta amekwisha kufa, anakaa kizingitini mpaka mjane anamfungulia. Na Khamis, Mungu amrehemu, kaandika pembeni kwa penseli, kwa herufi zilezile alizokuwa akiandikia makopo: "Hapa shemeji atapapenda."

Hakusema "akome" wala "ajionee". Atapapenda. Niliwahi kupigwa makofi ya maneno na mahodari wa nchi hii na sikutikisika. Hili limenikalisha.

Sasa sikiliza la Mina. Kitabu kilikuja na karatasi yake, nayo ina mafuta ya chapati. Nainakili kama ilivyo:

"Kaka Mwishehe shikamoo. Nisamehe barua zenu nafungua. Ya kwanza ilifunguka yenyewe kwa mvuke wa birika, zilizobaki niliisaidia birika. Nilikuwa nasoma peke yangu, siku moja dereva mmoja wa lori akanikuta nalia akaniuliza, nikamsomea. Sasa wakishusha mguu hapa hata chai hawaagizi, wanauliza barua imekuja? Kuna mmoja anakwenda mpaka Tunduma akifika ananipigia simu kuuliza kama umemjibu dada. Wanabishana. Wengi wanasema huendi. Mimi nimenyamaza, sijawaambia ninalolijua, hilo ni lako ulitoe mwenyewe. Mina."

Nilikasirika saa nzima. Nilikwisha andika kichwa cha makala: "Wizi wa Siri Barabarani." Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyewatukana watu wanaosubiri kipande cha hadithi, na sasa watu wanaacha chai ipoe wakisubiri kipande changu. Nimekuwa takataka ya kipande kipande, Adila, na kwa mara ya kwanza maishani nasomwa na watu wanaotaka kujua kinachofuata. Wasomaji wa safu yangu wanajua kinachofuata tangu mstari wa pili.

Na hilo analolijua Mina ni hili. Sikuwa na homa. Siku ya mazishi niliondoka Bagamoyo alfajiri nimevaa kanzu. Nilifika Chalinze. Niliagiza chai kwa Mina nikisubiri basi la Tanga. Meza ya pili walikaa wanaume wawili, nao wanakwenda kuzika, mmoja akamwambia mwenzake, "Na yule shemeji wa lebo ataonyesha uso leo?" Mwenzake akasema, "Atakuja atusomee kosa la marehemu." Hawakunijua. Basi likaja, wakapanda. Mimi nikabaki na kikombe. Mina alinitazama. Nikapanda basi la kurudi.

Mwanamume wa "Sirudi nyuma" alirudi nyuma kutoka Chalinze kwa sababu ya watu wawili na kikombe cha chai.

Uliuliza mara ya kwanza Februari. Najibu Mei. Nitakuja, kama bado mlango uko.

Kakako,
Mwishehe

*

Pangani, 10 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Upepo uliopita umeangusha mnazi wa nyuma, mlango wa mbele haukuguswa.

Njoo na doti ya khanga, nyeupe usilete, nyeupe nimeivaa ya kutosha. Fika Jumapili, ulale kwa Tabia, maana mumewe yupo na ana godoro la wageni. Asubuhi ya Jumatatu ndiyo nitoke.

Na uchukue mzigo huu: *Njiti Moja ya Kiberiti*. Wale wenzake Khamis wa barazani, na hao wawili uliowakuta Chalinze wakirudi kutoka safari wamo, wamenitumia ujumbe kupitia Najma. Tangu Januari hawajui nani alimuua mwenye kiwanda cha kiberiti. Hakuna aliyetaka kununua nakala akasome peke yake. Wanasema hadithi ilianzwa kwa sauti, imalizwe kwa sauti, na anayestahili ni mtu wa nyumba hii. Utawasomea wewe, Jumatatu baada ya alasiri. Anzia penye kamba.

Usiisome mbele. Nakujua, ila hii nakuomba usiisome mbele.

Adila

*

Chalinze, kwa Mina, Jumapili 19 Mei 2024

Adila mdogo wangu,

Barua hii nitakupa mkononi, kwa hiyo salaam nimeziweka akiba. Naiandika kwa sababu nikifika sitakuwa na la kusema. Mdomo ndio ulioniponza, kalamu yangu angalau husubiri.

Nimekaa meza ileile. Nimemaliza chai. Khanga ni ya rangi ya machungwa, kaichagua Mwaija. Maneno yake sijayasoma, ameyakunjia ndani akanikataza.

Nimeisoma mbele. Nilianza penye kamba, nikasema ukurasa mmoja tu, nipate kuzoea sauti yake. Nimefika robo ya mwisho. Namshuku mhasibu, namshuku mjane, jana nilimshuku hata mtunzi. Mwaija alinikuta nimejifungia chooni nasoma, akaniuliza kama ni falsafa. Kamba nimeirudisha palepale Khamis alipoiweka, na nitaanzia hapo kama mtu asiyejua kitu. Kama sauti yangu itatetemeka mahali ambapo hakuna cha kutisha, usinitazame.

Madereva wamenijua. Mmoja amesimama juu ya benchi akatangaza, "Jamani, kaka huyu hapa!" Wakaanza kubishana upya kama nitapanda basi au nitarudi, mbele yangu, kana kwamba mimi simo.

Barua hii Mina hana haja ya kuifungua kwa mvuke. Nimewasomea mwenyewe mpaka hapa, wameniomba niirudie, nami nimewaambia haiwezekani. Basi la Tanga linapiga honi, naikunja nipande, na mwisho wake haujaandikwa.